Fundi wa Pampu na Nguo ya Njano

Kila ninaposhuka kwenye stesheni, na nimeshuka kwenye nyingi, kitu cha kwanza kukitazama si watu wala wauza chakula. Natazama tangi la maji. Natazama kama linavuja, na ni nani aliyekaa kivulini chini yake. Tabia hiyo niliipata Morogoro zamani za Wajerumani, nilipokuwa kijana karani wa mizigo, nimetoka shule ya pwani juzijuzi na kujiona najua mambo. Aliyeniambukiza alikuwa mtu mmoja ambaye mji mzima tulimwita Fundi wa Pampu.

Jina alikuwa nalo, refu, na Wajerumani walilikata mpaka likawa si jina tena. Kwao ni Selani, kisiwa kilicho chini ya Uhindi. Alizaliwa na nani na alifikaje kwetu sitasema, maana mwenyewe hakupenda kuyasema. Nilichokijua ni kwamba ujanani alikuwa mtawa wa dini ya Buddha, akavaa nguo ya njano, kisha akaivua. Ukimwuliza kwa nini aliivua, alikuomba umshikie taa.

Kazi yake ilikuwa kupandisha maji ya mto mpaka kwenye tangi la stesheni, magarimoshi yapate kunywa. Pampu ilikuwa ya mvuke na ilikuwa na maradhi mengi. Asubuhi, kabla ya kugusa spana yoyote, alilaza kiganja juu ya bomba kama mama anayemgusa mtoto paji la uso kujua kama ana homa. Akikaa hivyo, hata Bwana Stesheni mwenyewe, Mjerumani mwenye sauti ya kufukuza ndege, alinyamaza akangoja.

Hakuua kitu. Mbu alimpuliza tu aende zake. Siku moja aliona ng'e ndani ya sanduku la vyombo, akamchota kwa kopo, akavuka reli na kumwacha majanini. Kesho yake ng'e, au nduguye, alikuwa sandukuni tena. Fundi akalichukua kopo.

"Huyo mwue tu, Fundi," mpiga bendera akamwambia. "Amekuzoea."

"Nami nimemzoea," akasema, akavuka reli.

Lakini samaki mkavu alimla, tena kwa furaha. Watu walimfanya mpole kuliko alivyokuwa, na jambo hilo lilimuudhi. Wakati mmoja kijana wa kutia kuni aliacha mlango wa mvuke wazi, nusura pampu ipasuke. Fundi alimrushia spana. Ilimkosa kichwa kwa unene wa kofia, ikapiga tangi na kuacha bonde kwenye bati. Tangu hapo, mtu akimsifu kwa upole wake, jibu lake lilikuwa moja. Alionyesha bonde lile kwa kidole, akaendelea na kazi.

Mimi ni Mluguru na Mwislamu, na dini yake nilikuwa siijui. Nilimwuliza mara nyingi, kwanza kwa utundu, baadaye kwa hamu ya kweli, ni kitu gani hasa ambacho watu wa Buddha wanakitafuta. Alinionyesha boila.

"Moto huu," akasema, "huuzimi kwa kuupiga. Unaacha kutia kuni. Kutamani ni kuni. Kuchukia ni kuni. Kutokujua ni kuni. Mtu akiacha kutia, anapoa. Basi, ni hilo."

"Na ukiacha kutia kuni, garimoshi litakwendaje?"

"Ndiyo maana watu hawaachi."

Nilimwuliza kama yeye amepoa. Akaniambia bado sana, kwamba kazi hiyo huchukua maisha mengi, mtu anakufa na kuzaliwa na kufa tena. Haya ya sasa, alisema, ni maisha yake ya kutengeneza pampu. Alitaka kuyamaliza vizuri. Maana yake ilikuwa kwamba atarudi Selani kabla ya kuzeeka, atavaa tena nguo ya njano, na mauti yatamkuta amekaa hali hana kitu. Hilo alilisema bila kificho. Hata mkewe alilijua.

Sasa nimtaje Seremala, maana huwezi kumweleza Fundi bila yeye. Seremala alikuwa Mchina. Aliletwa pamoja na wenzake kwenye mashamba ya upande wa Tanga, muda wake ulipokwisha akaja kwetu kuchonga milango. Naye alikuwa mtu wa Buddha, kwa njia ya bibi yake, ambaye alimpeleka hekaluni utotoni. Ungedhani watu wawili wa dini moja, katika nchi ambayo wa dini hiyo ni wa kuhesabu kwa vidole, wangekaa kama ndugu. Walikaa hivyo kweli, maana walibishana kila siku. Kiswahili ndiyo lugha pekee waliyokuwa nayo kati yao, nasi tuliokuwa karibu tukasikia yote.

"Samaki huyu alijiua mwenyewe?" Seremala aliuliza siku moja, akitazama bakuli la mwenzake.

"Sikumwua mimi."

"Kweli. Ulimngoja tu afe."

Fundi hakucheka. Sikupata kumwona akicheka kwa sauti miaka yote ile. Seremala alicheka kwa niaba yao wote wawili.

Kwa Seremala, hakukuwa na maisha mengi wala safari. Mtu alikuwa amefika tangu mwanzo, ila hajui. Akijua, anajua mara moja, kama mtu aliyetafuta kofia nyumba nzima kumbe imo kichwani. Fundi aliona huo ni uvivu uliovikwa joho. Ubishi mkubwa waliufanya asubuhi moja ya masika, mlima wote umefunikwa na wingu kutoka kilele mpaka kwenye migomba ya chini. Mke wa Fundi alikuwa amekuja na kikapu cha ndizi na manjano, amekaa kwenye gogo akingoja mvua ipungue.

"Tazama," Seremala akasema. "Mlima uko wapi? Nani ameuondoa? Wingu likitoka utasema mlima umekuja? Ulikuwapo. Na kuamka kwetu ni vivyo hivyo."

"Kuuona mlima si kuupanda," akajibu Fundi.

"Unapanda kwenda wapi, na umesimama juu yake?"

"Nimesimama stesheni."

"Stesheni iko juu ya nini?"

Fundi akafikiri, akipangusa mikono kwa tambara. "Bwana Stesheni naye unamwonaje? Anasema amesoma vitabu vyote vya Buddha kwa Kijerumani."

"Yeye ana ramani ya mlima," Seremala akasema. "Ameitundika ukutani, imenyooka vizuri sana."

Mke wa Fundi akainua kikapu chake. "Nanyi mna maneno," akasema. "Mlima ni wa kulima." Akaondoka, akaingia mvuani.

Ni kweli kwamba Bwana Stesheni alikuwa na vitabu. Alikuwa mmoja wa wale Wazungu waliochoka na makanisa ya kwao, na kwa maoni yake Buddha alikuwa daktari wa akili, mtu wa kufikiri. Kuelewa sawasawa ndiko kufika, alisema, na mengine yote ni mambo ya wajinga. Kwa hiyo hakupendezwa na ua. Kila asubuhi Fundi aliweka ua moja mbele ya picha ndogo ya Buddha iliyochakaa, kwenye rafu juu ya makopo ya mafuta.

"Ua la nini?" Bwana Stesheni akamwuliza, mimi nikiwa nimesimama na hati zangu. "Mwalimu wako hakutaka maua. Alitaka ufikiri."

"Ndiyo, Bwana."

Kesho yake ua lilikuwapo. Nilipomwuliza Fundi peke yetu, alisema picha hailihitaji ua hilo, aliyelihitaji ni yeye. Analiweka likiwa bichi, jioni anakuja kulitazama limenyauka, na anajiambia kwamba mwili wake nao uko njiani. Hakuona kwamba kuna njia ya kulijua jambo hilo mara moja tu. Alikuwa akilisahau kila usiku.

Na Bwana Stesheni, aliyekuwa akitufundisha kwamba tamaa ndiyo mama wa mateso, alikuwa akitukana kwa lugha tatu kila pipa la bia lilipochelewa kufika. Sisemi hili kumcheka. Ningependa tu ijulikane kwamba kati ya watu watatu wa Buddha waliokuwapo Morogoro siku zile, hakuna hata mmoja aliyekubaliana na mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefika, ila Seremala kwa madai yake mwenyewe.

Mke wa Fundi alikuwa mtu wa Kiroka, kwenye njia ya kwenda Matombo, na kule ndiko Fundi alikokwenda kila alipopata nafasi ya kuiacha pampu. Kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume akioa huenda kwa mkewe. Nyumba atajenga, migomba atapanda, ila hakuna kilicho chake. Watoto ni wa ukoo wa mama yao, na mwenye kauli juu yao ni mjomba. Mke akifa, mume hukunja mkeka wake akarudi kwao. Wageni wengi mambo hayo yaliwashinda, hata wakakimbia na wake zao pwani. Kwa hiyo siku ya ndoa mjomba wa mke aliona afadhali aseme mapema.

"Umeelewa, mkwe? Nyumba si yako. Shamba si lako. Watoto si wako."

"Nimeelewa."

"Na hukasiriki?"

"Niliambiwa maneno hayo nikiwa kijana, kwetu," Fundi akasema. "Ila nilikuwa sijakutana na watu wanaoyafanya."

Mjomba alitutazama sisi mashahidi, kama kuuliza huyu mtu ni mzima. Lakini alipendezwa naye tangu siku ile.

Walikaa miaka kadhaa bila mtoto. Nguo ya njano iliingia katika nyumba hiyo wakati huo. Fundi alinunua jora jeupe la pamba, na mkewe ndiye aliyelitia rangi, kwa manjano ya Matombo na magome aliyoyajua yeye, akalichemsha na kulianika na kulichemsha tena mpaka rangi ikashika. Alijua ni nguo ya nini. Nilimkuta akiikung'uta uani, nikashindwa kunyamaza.

"Shemeji, unamtengenezea nguo ya kukuacha?"

"Mtu akitaka kwenda, aende msafi," akasema. Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Hajaenda lakini."

Nguo ikakunjwa, ikawekwa ndani ya sanduku la bati. Kisha mimba ikaja. Akazaa mtoto wa kike, na miezi michache baadaye homa ikamchukua mama.

Nilikwenda Kiroka kwenye mazishi, na nikarudi siku ya kuondoa msiba. Siku hiyo ukoo humchagua mtu wa kurithi jina la marehemu, nao wakamchagua dada yake mkubwa, mjane mwenye mikono kama ya mwanamume. Walimkalisha mkekani, wakamwita kwa jina la mdogo wake, wakampa mtoto. Tangu saa ile yeye ndiye mama. Na kwa heshima ya desturi, yeye pia ndiye mke, mpaka atakapomwachilia mume.

Fundi alikuwa amekaa kando yangu, uso umemjaa majivu ya uchovu. "Karani," akaninong'oneza, "wanasema ni yeye amerudi?"

"Jina ndilo limerudi, Fundi. Na kazi zake."

"Kwetu nasi tunasema si mtu anayerudi," akasema. "Lakini sikuwahi kuona kazi zikipokewa hivi, mchana, watu wakitazama."

Kisha akainuka Seremala. Wasomaji wasio wa kwetu niwaambie kwamba kwenye msiba watani wana ruhusa ya kusema lolote, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Seremala, wazee walikuwa wamemhesabu kuwa mtani tangu zamani, kwa sababu walitafuta mahali pengine pa kumweka hawakupata. Alivaa kofia ya Fundi. Akalaza kiganja juu ya mgomba, akafumba macho, akausikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kwamba mgomba una maradhi. Watu wakaanza kucheka. Ndipo akageuka.

"Wafiwa, mtazameni mtu wa maji. Miaka yote ananiambia njia ni kuachia. Haya. Mke amechukuliwa. Shamba limechukuliwa. Mtoto amechukuliwa. Nguo yake ya njano iko tayari sandukuni. Hakuna mtu katika nchi hii aliyefunguliwa kama huyu. Nenda basi, Fundi. Unangoja nini? Na maji haya machoni ni ya nini? Pampu imeharibika?"

Watu walicheka, kisha kicheko kikawaishia mdomoni, maana Fundi alikuwa analia kweli na hakujificha.

"Haijaharibika, mtani," akasema. "Ndivyo inavyofanya kazi."

Seremala akavua kofia ile, akaiweka polepole magotini pa Fundi, akaketi kando yake.

Mwenye jina, yule dada mtu, alikuwa amempakata mtoto. "Mume wangu," akasema mbele ya ukoo wote, "sikufukuzi, sikufungi. Mtoto ana mama. Ukienda, nenda salama, hakuna atakayekusema. Ukikaa, mfereji wa juu umebomoka."

"Nipe muda," Fundi akajibu.

Jibu lake sikulipata. Reli ilikuwa imefika ziwani, makarani walihitajika, nikapelekwa Kigoma. Niliondoka na swali lile kama mzigo usio na hati. Huko, jioni, nikiwa natazama tangi la stesheni nyingine, nilikuwa nikimwona mara amekaa penye hekalu la kwao, amenyoa kichwa, hana kitu. Mara nikimwona amechutama kwenye mfereji. Nilijua lipi lingekuwa kufika kwa hesabu yake mwenyewe. Nilijua pia lipi lingemfurahisha Seremala, aliyependa kusimulia habari za mtakatifu mmoja wa kwao aliyefika mlangoni pa raha, akasikia watu wakilia nyuma yake, akageuka. Hadithi hiyo Fundi alikuwa akiijibu kwa neno moja, kwamba mambo hayo ni ya watakatifu, si ya mafundi.

Kisha vita vikaja. Wajerumani waliporudi nyuma kuelekea milimani, nilikuwa nimetiwa kwenye msafara wa wapagazi wao, kuandika majina yao. Tulipita Morogoro. Pampu ilikuwa chuma kilichopasuka, na tangi lilikuwa limelala chali kando ya reli. Nililizunguka mpaka nikaliona bonde la spana. Mama mmoja alikuwa anauza mihogo hapo.

"Shikamoo mama. Mzee wa pampu yuko wapi?"

"Marahaba. Yule? Aliondoka siku nyingi, kabla ya vita. Alikwenda na sanduku lake."

"Na Mchina?"

"Jeshi limemchukua kujenga madaraja. Alikwenda akicheka."

Basi amekwenda, nikajiambia. Nilimfurahia, na nilihisi kama mtu aliyenyimwa kitu. Kesho yake tukaishika njia ya Kiroka. Asubuhi ilikuwa na wingu zito, linapanda na kushuka juu ya migomba. Tulipopumzika, wingu likafunguka kidogo, nikaona juu ya mteremko rangi ya njano, ile ile, inakwenda taratibu kandokando ya mfereji.

Nilipanda mbio. Niliwaza, amevaa, tena amevaa hapa hapa, ameupata utawa wake bila meli. Nilipokaribia nikaona kwamba amevaa shati kuukuu na suruali iliyokunjwa magotini. Nguo ya njano ilikuwa imefungwa kifuani kwa fundo, na mgongoni mwake, ndani ya mbeleko hiyo, kilichungulia kichwa cha mtoto.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Karani. Umekonda."

"Nilidhani umevaa."

Akaitazama nguo ile kifuani pake. "Nimevaa," akasema.

Nilikuwa na muda mchache, kwa hiyo niliuliza bila adabu. Akanijibu huku akilaza kiganja kwenye bomba la mwanzi lililoleta maji mferejini, kama zamani.

"Nilishuka stesheni na sanduku. Garimoshi likaja, likanywa maji, nikalisikia linavyokunywa. Likaondoka bila mimi. Nikapanda huku. Seremala akasema, sasa umefika. Nikamwambia, hapana, nimeshindwa. Tulibishana mpaka jioni, na jeshi lilipomchukua tulikuwa hatujamaliza."

"Na leo unasemaje?"

"Leo mwanzi huu umeziba." Akauchomoa, akaupuliza, akaurudisha. "Sijui, Karani. Moto bado ninao. Huyu akikohoa usiku, sijapoa hata kidogo."

"Mtoto wako amekuwa mkubwa."

"Si wangu, wa ukoo. Mama yake yuko shamba, ameniazima mpaka jua likipanda."

Juu ya jiwe bapa kando ya mfereji kulikuwa na ile picha, imechakaa zaidi. Alichuma ua dogo la mwituni, akachutama, akaliweka. Nilimwona akitulia, midomo ikicheza kwa maneno ya kwao. Mkono mdogo ukatoka kwenye nguo ya njano, ukapita juu ya bega lake, ukalitwaa ua. Mtoto akalitia mdomoni.

Fundi akachuma jingine, akaliweka. Mkono ukaja tena.

"Hajaliacha linyauke hata siku moja," akaniambia. "Kila siku nachuma, kila siku anakula." Akageuza shingo kumtazama, mtoto akamtemea majani ya ua shavuni, na Fundi wa Pampu akacheka. Alicheka kwa sauti, mpaka ikabidi ajishike kwenye mwanzi.

Chini filimbi ya msafara ikalia. Nikamuaga, akaniombea safari njema, nikateremka. Nilipofika njiani nikageuka. Wingu lilikuwa limeshuka tena, limefunika migomba na mfereji na njano yote. Nilijitwika mzigo wangu, na kwa muda mrefu, tukipanda kuelekea Matombo, niliendelea kuyasikia maji.